Kufuli Halina Kosa

Saa mbili na robo asubuhi simu iliita nikiwa bado nakunywa chai. Alikuwa dada anayeendesha duka la steshenari hapa Ngamiani, moja ya yale maduka madogo ya Tanga ambamo kompyuta moja inaprinti, inaskani, inajaza fomu za mkopo wa chuo na kutengeneza kadi za harusi. "Kaka, imegoma kuweka printa mpya. Inasema kuna mwingine anaitumia, na mimi niko peke yangu hapa."

Nikapanda baiskeli. Nilipofika, wateja wanne walikuwa kwenye benchi, na wa tano, kijana wa chuo aliyejitolea kusaidia, alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha dada. Kompyuta ile inatumia Linux, na alikuwa ameona kosa: apt-get, amri ya kuweka programu, imeshindwa kupata kufuli la /var/lib/dpkg/lock-frontend. Akalitafuta kosa hilo kwenye simu yake na kupata jibu linalozunguka dunia nzima: futa faili za kufuli. Akazifuta zote. Kompyuta ikakubali, drava, yaani programu ya kuendesha printa, ikaanza kushuka, kila mtu akafurahi. Dakika chache baadaye printa haikuonekana, na kila amri iliyofuata ilirudisha makosa mapya.

Ninamtetea kijana yule kwanza, maana alitaka kusaidia na alifanya alichoambiwa. Jibu alilolipata limenakiliwa mara nyingi mno, na kila linaponakiliwa linaonekana la kweli zaidi. Nataka kueleza kwa nini ni jibu baya, kisha niseme lawama ninaipeleka wapi, kwa sababu siipeleki kwa dada wala kwa kijana.

Anzia na daftari. Kwenye Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, na wanawe wote, Ubuntu na Linux Mint wakiwemo, kila pakeji (programu pamoja na faili zake) iliyowekwa imeandikwa kwenye faili moja la maandishi ya kawaida, /var/lib/dpkg/status. (Nasema pakeji kwa makusudi. Ukimtajia mtu wa hapa "kifurushi", anawaza bando la simu.) Lifungue faili hilo utalisoma kama daftari la duka la jumla: jina, toleo, inategemea nini, na mstari wa hali. Pakeji iliyokaa sawa imeandikwa "install ok installed". Iliyoachwa njiani utaikuta na neno "unpacked" au "half-configured", yaani mzigo umeshushwa lakini haujapangwa kwenye rafu.

Anayeandika daftari hilo ni dpkg, programu iliyoanza mwaka 1994. Juu yake kuna apt, iliyoingia kwenye Debian 2.1 mwaka 1999: inatafuta pakeji kwenye hazina za mtandaoni, inapiga hesabu ya nani anamhitaji nani, kisha inamkabidhi dpkg kazi ya mikono. Madirisha, yaani programu za kubonyeza kwa kipanya badala ya kuandika amri, yalikuja baadaye. Synaptic ilianza mwaka 2001 kwenye kampuni ya Conectiva, Brazili. Mwaka 2007 Richard Hughes akaanzisha PackageKit, kwa wazo ambalo hadi leo naliona zuri: watengenezaji wa madirisha wasihangaike kujua chini kuna apt, au dnf na zypper za mifumo mingine ya Linux. Dirisha liombe tu, "niwekee hiki", na mtumishi wa nyuma ya pazia aitwaye packagekitd aongee na fundi husika.

Kwa hiyo unapobonyeza kitufe kwenye duka la programu na unapoandika amri kwenye terminali, mikono yote miwili inafika kwenye daftari lilelile. Makarani wawili, kurasa zilezile. Na dpkg ina tabia moja inayofanya jambo hili liwe la hatari: inapoanza kazi hulisoma daftari lote na kulishika kichwani, na mwisho huandika nakala mpya nzima kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Dpkg mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja, atakayemaliza mwisho atafuta alichoandika mwenzake bila kujua kwamba mwenzake alikuwepo.

Hapo ndipo kufuli linapofanya kazi, na ndipo watu wengi wanapolielewa vibaya. Wanadhani uwepo wa faili ndio kufuli. Kwenye pacman, programu ya kuweka pakeji ya mfumo wa Arch Linux, ndivyo ilivyo: faili db.lck likiwepo, mlango umefungwa, na likibaki baada ya umeme kukatika unaweza kulifuta ukishahakikisha hakuna pacman inayofanya kazi. Kwa dpkg mambo ni tofauti. Faili la lock-frontend lipo siku zote, hata usiku ambapo hakuna anayesasisha chochote. Kufuli lenyewe linashikwa na kerneli, kiini cha mfumo, juu ya faili lile, kwa niaba ya prosesi (programu iliyo kazini) iliyoliomba. Prosesi ikifa, kufuli linaachiwa saa ileile, hata kama ilikufa kifo kibaya. Maana yake ni kwamba ukiambiwa kufuli limeshikwa, kuna prosesi iliyo hai inayolishika. Hakuna kufuli la marehemu la kuondoa.

Sasa tazama kinachotokea ukifuta. Prosesi ya kwanza bado imeshika faili lake, ambalo limepoteza jina tu. Apt yako inakuja, haioni faili, inatengeneza jipya lenye jina lilelile na kulifunga bila shida. Ni sawa na mtu aliyekuta chumba kimefungwa kwa ndani akatoboa mlango wa pili: wa ndani hajatoka, hajui umeingia, na wote wawili mmeinamia daftari moja mkiwa na kalamu.

Pale dukani, wa ndani alikuwa nani? Nilimuuliza dada kama aligusa chochote asubuhi. "Lilikuja tangazo la masasisho nikabonyeza. Mteja akaingia, nikalifunga." Alilifunga dirisha kwa alama ya X kwenye kona, kama mtu yeyote angefanya, na akaamini kazi imekoma. Dirisha lilikuwa mjumbe tu. Mjumbe aliondoka, packagekitd akaendelea na kazi yake kimya kimya.

Nikafungua /var/log/apt/history.log. Ninalipenda sana faili hili na ninasikitika kwamba wanaolisoma ni wachache. Kila kazi iliyopitia apt imeandikwa humo, pamoja na mstari wa "Commandline" unaoonyesha mkono uliofanya. Mkono wa kijana ulikuwa pale: apt-get install na jina la drava. Ukisogea kidogo ulikuwapo wa dirisha: packagekit role='update-packages'. Saa za kuanza na kumaliza zilipishana kama vigae vya paa. Dpkg ya dirisha ndiyo iliyomaliza mwisho, kwa hiyo faili za drava zilikuwa kwenye diski na daftari halikuwa na habari nazo hata kidogo. Mfumo huweka nakala za daftari la dpkg ndani ya /var/backups, na nikazilinganisha na lililopo, nikaendesha dpkg --configure -a kumalizia zilizokwama, nikaweka upya drava juu ya ileile. Adhuhuri ikaadhiniwa nikiwa bado pale. Wateja wanne walikwenda kuprinti kwingine.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Apt ilikuwa imemwambia kijana kila kitu. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2020, ujumbe ule unataja namba na jina la prosesi iliyoshika kufuli, na mstari unaofuata unasema wazi kwamba kufuta faili la kufuli si suluhisho na kunaweza kuharibu mfumo. Onyo lilikuwa kwenye kioo, kwa Kiingereza, chini ya mstari wa kosa ambao ndio pekee aliousoma kwa haraka. Na kama angetumia amri ya apt badala ya apt-get iliyoandikwa kwenye maelekezo ya printa, ingesubiri yenyewe huku ikihesabu sekunde. Hata apt-get inasubiri ukiipa chaguo la DPkg::Lock::Timeout=300. Dakika tano za subira zingetosha.

Wapo mafundi wenzangu ambao wakisikia kisa kama hiki jibu lao ni moja: ondoa duka la programu, mfundishe dada terminali, yaishe. Sikubaliani nao. Dada anajua kazi yake kuliko mimi, na kazi yake siyo kukariri majina ya pakeji. Dirisha linamwonyesha picha, maelezo, ukubwa, na linamwezesha kuamua. Ni chombo halali. Ninachokilalamikia ni ukimya wake. Fundi akiingia nyumbani kwako kubadilisha bomba, anakuambia maji hayatatoka hadi saa ngapi. Dirisha lilipofungwa lilipaswa kumwambia dada kwamba kazi inaendelea na isizimwe. Halikusema.

Ukimya huu una sura nyingi, na nimekutana nao vibaya kwenye suala la fonti. Ofisi nyingi hapa mjini zinataka barua kwa Times New Roman, na kwenye Linux njia ya kawaida ya kuipata ni pakeji ya ttf-mscorefonts-installer. Pakeji hiyo lazima ikuulize kama unakubali masharti ya leseni. Kwenye terminali swali linajaza kioo, unabonyeza Tab hadi kwenye Ok, kisha Enter. PackageKit kwa upande wake ilijengwa kwa msimamo kwamba uwekaji wa programu usimuulize mtu maswali katikati. Mara ya kwanza nilipoweka fonti hizo kupitia dirisha, kwa ajili ya katibu muhtasi mmoja aliyekuwa na barua ya kupeleka kabla ya saa sita, mduara wa kusubiri ulizunguka hadi nikakata tamaa. Swali lilikuwa limeulizwa mahali ambapo hakuna macho ya mtu. Nikafungua terminali na, bila shaka umeshajua, kufuli lilikuwa limeshikwa.

Mfano uliosikika dunia nzima ni wa Novemba 2021. Linus Sebastian, mtangazaji maarufu wa video za teknolojia kutoka Kanada, alikuwa akijaribu Pop!_OS, mmoja wa mifumo ya Linux, mbele ya watazamaji wake. Alitaka kuweka Steam, programu ya michezo ya kompyuta. Duka la programu lilikataa, na maelezo yake hayakumsaidia kitu. Akaenda terminali kuiweka kwa apt. Kwa sababu ya pakeji ambazo matoleo yake hayakulingana siku zile kwenye hazina, njia pekee ambayo apt iliiona ni kung'oa mazingira yote ya dirisha. Ikaorodhesha, ikaonya kwamba hizo ni pakeji za lazima, ikamtaka aandike sentensi nzima: "Yes, do as I say!" Akaiandika, na kompyuta yake ikabaki na kioo cheusi cha maandishi.

Wengi walimcheka kwa kutosoma. Mimi ninasoma kisa hicho kuanzia hatua ya kwanza. Dirisha lilijua kuna tatizo, likakataa, na hapo lilikuwa sahihi. Lakini lilikataa bila kumweleza kwa lugha ya mtu, na kwa hiyo likamsukuma kwenye chombo chenye nguvu zaidi akiwa na ujuzi uleule aliokuwa nao mwanzo. Baadaye pakeji zilirekebishwa, na apt yenyewe ikabadilishwa isipendekeze tena suluhisho la kung'oa pakeji za lazima. Marekebisho hayo yaliwekwa upande wa terminali. Upande wa dirisha bado unadaiwa.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi, na openSUSE, mfumo mwingine wa Linux, imeonyesha njia. Ukiendesha zypper wakati PackageKit inafanya kazi, inakuambia kwa jina nani amezuia na kukuuliza kama imwombe aondoke. Mtu akijibu ndiyo, anajua amefanya nini. Synaptic nayo, pamoja na ubaya wake wa kushika kufuli muda wote ikiwa wazi hata kama umeiacha tu nyuma ya madirisha mengine, ina uungwana wa kukuonyesha kinachoendelea mstari kwa mstari ukitaka kutazama.

Kuna mkono wa tatu ambao haumo kwenye ugomvi wa dirisha na terminali lakini ndio unaowachonganisha mara nyingi. Ni masasisho ya kujiendesha yenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu, saa ya systemd (msimamizi wa huduma za mfumo) iitwayo apt-daily-upgrade.timer imepangwa kuita saa kumi na mbili asubuhi, na kuchelewa kwa bahati nasibu hadi dakika sitini. Imewekwa pia ikumbuke: kama kompyuta ilikuwa imezimwa saa hiyo, itafanya kazi iliyokosekana baada ya kuwashwa. Fikiria maana yake kwa mji kama wetu. Watengenezaji waliwaza kompyuta isiyozimwa usiku. Duka la Ngamiani linazima swichi ya ukutani jioni ili kuokoa uniti za LUKU, na kuwasha saa mbili asubuhi, wakati wateja wameshapanga foleni. Kazi iliyokusudiwa kufanyika alfajiri watu wakiwa wamelala inaangukia saa yenye pilika kuliko zote. Na ikiwa umeme utakatika katikati, dpkg inaachwa na mizigo nusu kwenye rafu.

Halafu bando. Kwenye Fedora, mfumo mwingine wa Linux, kwa miaka mingi, dnf ilihifadhi orodha za pakeji kwenye /var/cache/dnf na PackageKit ikahifadhi zake kwenye /var/cache/PackageKit. Makarani wawili walikwenda sokoni kila mmoja kivyake kununua gazeti lilelile. Kwa mwenye intaneti isiyopimwa ni jambo dogo. Kwa anayewasha hotspot ya simu ili kazi iishe, orodha hizo zinalipiwa mara mbili kabla hata programu moja haijashuka.

Na sasa yameongezeka madaftari mapya kabisa. Ubuntu ilipoleta snap, njia yake nyingine ya kuweka programu, kwenye toleo la 16.04 mwaka 2016, ilileta daftari lisilojulikana na dpkg. Flatpak, njia nyingine kama hiyo, nayo ina lake. Hapa kufuli haligombaniwi, kwa sababu kila mmoja ana chumba chake, na mgongano unatokea kichwani kwa mtumiaji. Anafungua duka, anaona programu, anaweka. Kumbe ni snap. Wiki ijayo rafiki anamwambia aandike apt install, na sasa anazo mbili zenye alama moja, kila moja na mipangilio yake. Moja inafungua faili kwenye flashi, nyingine inakataa kwa sababu snap huhitaji ruhusa iitwayo removable-media, ambayo kwa kawaida haitolewi yenyewe. Tangu Ubuntu 19.10 mambo yamezidi kuchanganyana: ukiomba chromium-browser kwa apt, unacholetewa ni pakeji ya daraja inayokuwekea snap. Ni kwa hoja hiyo Linux Mint 20, mwaka 2020, iliizuia apt kuleta snapd, programu inayoendesha snap, bila mwenyewe kuomba. Naona walikuwa na haki. Mtu aliyeagiza kwa karani huyu asipelekewe mzigo kutoka kwa yule bila kuambiwa.

Kwa duka la dada tulifanya mambo machache siku ileile. Niliendesha systemctl edit kwenye ile saa ya masasisho na kuihamishia saa nane mchana, wakati jua limewaingiza watu ndani, na nikaondoa ile tabia ya kukumbuka kazi ya alfajiri. Snap, ambayo huangalia masasisho mara nne kwa siku, niliizuia isishushe kitu ikiwa mtandao ni wa kulipia kwa kipimo. Dirisha nililiacha. Ndilo dada atakalotumia kuweka programu. Mimi nikija na terminali nitatazama kwanza nani ameshika kufuli.

Lililobaki halimo mikononi mwangu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi ikiongea Kiswahili, menyu baada ya menyu. Watu walikaa wakatafuta maneno na wakayapata. Ujumbe wa dirisha linalosasisha ni sentensi tatu tu. Dada aliziandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito na kuzibandika juu ya kioo kwa selotepu, kwa ajili ya mdogo wake anayemshikia duka Jumamosi: "Kompyuta inasasisha hata ukifunga dirisha. Usizime. Ukikwama nipigie mimi, usimwite mteja."